Kitabu Kilichoanza na Namna ya Kusimama

Enzi zetu kule Magoma sikuwa mtoto wa kushangazwa na kitu, na hata leo, darasa la saba langu hili hili na mashine mbili za kusaga mjini Korogwe, bado hakuna cha kunishangaza. Nilikuwa nasema hivyo mpaka juzi.

Nilipokuwa mdogo, kaka yangu Shabani alirudi likizo kutoka chuo cha ualimu na kitabu cha mdahalo kilichojaladiwa gazeti, kinanuka mafuta ya taa. Nilikisoma shambani nikilinda mahindi. Sura ya kwanza, namna ya kusimama. Ya pili, namna ya kupaza sauti. Ya tatu, mpinzani asipate pa kupumulia. Nikawasimamia ngedere: "Mheshimiwa mwenyekiti, napinga hoja." Wakatimka. Ijumaa shuleni nikatetea kwamba mali ni bora kuliko elimu, makofi hayo, mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Mama akasema, "Huyu mdomo wake utamlisha." Na umenilisha. Vijana wa sasa wakibishana wanatumiana vikaragosi kwenye simu, wamemaliza.

Sasa binti yangu Zaina kapata nafasi chuo, na mimi namtaka kwenye mashine. Akaja na kitabu cha mdahalo cha siku hizi, kaazima kwa binti wa Shabani aliyeko chuo. Nikakipekua nikitafuta kusimama. Hamna. Sura ya kwanza, namna ya kusikiliza. Eti kabla hujapinga, useme hoja ya mwenzio mpaka mwenyewe akiri umeipata.

"Sasa hapa mtu anashindaje?" nikauliza, maana nilitaka kujua kweli.

"Tujaribu, baba. Unaogopa nikiondoka utaibiwa unga. Halafu vyote hivi umevijenga bila chuo, kwa hiyo nikienda unaona kama nasema havitoshi. Nimekosea?"

Nikasimama kama nilivyofundishwa, kifua mbele. Hilo lake la pili, la kuona havitoshi, sijawahi kumwambia mtu, hata mama yake.

"Hujakosea," nikasema.

"Basi sasa ndiyo napinga," akasema akiinuka.

"Kaa chini, mama. Usipinge."

Sisi tulishinda kwa makofi, kisha kila mtu akarudi kwao na mawazo yake yale yale. Hawa wa leo hata hawapazi sauti. Ada ya mwaka wa kwanza, pamoja na godoro: shilingi milioni moja, laki mbili na elfu arobaini.