Tundu Lisilofunga Bolti

Zamani, mtu wa mji wa Muncie akitaka kufunga giaboksi ya gia za mkono kwenye injini isiyoendana nayo, alikwenda kwa Verlin Stroud achongewe bamba la kuziunganisha. Siku hizi wanakwenda kwa Garland, kijana wa juzi tu, na Verlin roho inamuuma hata akisikia jina lake.

Jumamosi, kwenye maonyesho ya magari nyuma ya kanisa, watu walilizunguka bamba la Garland. Verlin akajipenyeza, akaligeuzageuza akitafuta kasoro. Pembeni akaona tundu dogo lisilofunga bolti yoyote. Tundu kama hilo, mahali hapohapo, alilitoboa yeye mwenyewe kwa kukosea, kwenye bamba lake la kwanza. Mwizi huyu amenakili mpaka kosa.

"Na hili tundu la nini, bwana mdogo?" akauliza kwa sauti, wote wasikie.

Garland hakupepesa macho. "Hilo ndilo siri yangu, mzee. Linapunguza mtetemo."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akatoa simu, akalipiga picha.

Matundu yote ambayo Verlin aliyatoboa sawasawa, hakuna aliyewahi kuyapiga picha.