Ndoo Moja ya Maji ya Kigombe

Baba alipomwita rafiki yake "fundi", nilijua mambo yameharibika. Tangu nipate akili sijawahi kumsikia akimwita mzee yule jina hilo. Alimwita mtani. Baba ni Mbondei, fundi ni Msambaa, na karakana yake ya Ngamiani ilikuwa mahali pao pa kutukanana kwa raha. Fundi akisema watu wa bondeni ni wale walioshindwa kupanda mlima wakajipa kabila, baba anamjibu kwamba Wasambaa waliteremka mjini kwa kufuata harufu ya dagaa. Ukikasirika, umeshindwa. Sheria ya utani ndiyo hiyo, na hakuna kati yao aliyewahi kuivunja.

Jumatatu ile baba alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Fundi, njoo uone ulichonifanyia."

Nilikuwa nyuma yake na mkoba wangu begani. Aliyeliharibu gari lake nilikuwa mimi.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ambayo baba, tangu astaafu kwenye shamba la mkonge, huitumia kubebea nazi kutoka Pangani. Ndiyo kazi yake, na ndiyo fahari yake. Wiki tatu kabla, fundi alikuwa amefungua injini akabadilisha gasketi, akaifunga. Jumamosi nikaliomba niende Kigombe kuchukua samaki wa shughuli ya shangazi. Wakati wa kurudi, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho na mvuke ukaanza kutoka mbele. Nikasimama kwenye nyumba iliyokuwa karibu. Mama mmoja akanichotea ndoo ya maji kisimani, akaniuliza, "Mwanangu, si ungoje lipoe kwanza?"

Nikamwambia halina neno. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na "haraka haraka haina baraka" naiandika ubaoni kila mwaka, tena kwa mwandiko mzuri. Lakini samaki walikuwa nyuma, barafu inayeyuka, na shangazi ana mdomo. Nikafungua mfuniko wa rejeta kwa kanga, nikasubiri mvuke upungue kidogo tu, nikawasha injini, nikamimina ndoo nzima. Ndani kikalia kitu, ta, kama glasi uliyoitia chai ya moto ghafla. Nikakaa pale, nikisikiliza. Hakikulia tena. Gari likaenda, samaki wakafika wazima, nikarudisha ufunguo mahali pake.

Jumapili baba aliwasha gari likatoa moshi mweupe uliojaza ua wote. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka na rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili. "Mtu huyu kaniharibia gari," alisema. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua kinywa. Nilikwenda kuosha vyombo.

Sasa tulikuwa karakanani, gari tumelivuta kwa kamba, na nje kwenye benchi wamekaa madereva wanne wakisubiri zamu zao. Baba hakupunguza sauti. Alisema gasketi ya wiki tatu haiungui yenyewe. Alisema mtu akizeeka aseme, watu watafute fundi mwingine. Nikaona mmoja wa wale madereva akimtazama mwenzake. Fundi hana kibao mlangoni wala tangazo popote. Ana jina lake tu, na jina lile lilikuwa linavuliwa mbele za watu kwa kosa langu.

Nilimngojea ajibu kwa utani. Badala yake alivua bolti za hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, moja baada ya nyingine, akaiinua ile hedi, akaiweka mezani, akaiosha. Akaitazama muda mrefu, ameisogeza usoni kuliko nilivyozoea kumwona.

"Ufa siuoni," alisema kwa sauti ndogo. "Labda ni mimi kweli. Labda kuna bolti sikuikaza sawasawa. Macho haya siku hizi..."

Niliona aibu. Angenitukana ningestahimili, kumwona akiitilia shaka mikono yake mwenyewe kulinishinda. Hata hivyo sikusema. Nataka nilikiri hilo hapa, kwa sababu nikisimulia kisa hiki kwa watu huwa naliruka.

Akaomba mafuta ya taa, akayapaka kwenye uso wa hedi, akaacha yapenye, kisha akapangusa hadi pakakauka. "Sasa ningepata unga wa chaki," alisema, "mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yangejionyesha."

Chaki hazitoki mkobani mwangu hata wakati wa likizo. Nikatoa moja, nikaisaga kwa kisu, nikaunyunyiza unga juu ya hedi. Tuliinama wote watatu. Kwa muda palikuwa peupe tu. Halafu, kati ya vali mbili za silinda ya tatu, ukajitokeza mstari mwembamba wa unyevu, umepinda kidogo mwishoni.

Fundi akanyooka.

"Hii si bolti. Chuma hiki kilikuwa cha moto kikamwagiwa maji baridi." Akamgeukia baba. "Uliliongeza maji linachemka?"

"Mimi?" Baba alicheka kicheko kibaya. "Mimi niliyekufundisha wewe kuendesha? Unatafuta pa kuangukia."

Fundi aliweka kitambaa chini na kuanza kufuta mikono, polepole, kama mtu anayefunga duka. Nikaona kwamba wakiachana pale, wameachana.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Kigombe. Ndoo nzima."

Baba alinitazama, kisha akaitazama hedi, kisha akawatazama wale madereva kwenye benchi, ambao wote walikuwa wamesikia. Aliyeniokoa ni fundi.

"Mtani," alisema, "usimlaumu. Huyu Mbondei halisi. Kaona maji, kayateremsha bondeni."

Baba alikaza midomo. Sheria ni sheria. Mtani akikutupia, unamrudishia.

"Na wewe Msambaa," alisema mwishowe, "mpaka uletewe mwalimu na chaki ndipo uone kilicho mbele ya pua yako!"

Madereva wakaangua kicheko. Baba akatoka akaenda kukaa nao benchini, akawaambia mwenyewe kwamba mtani wake hakukosea. Mimi hakuniambia kitu siku tatu.

Hedi ilipelekwa kuchomelewa na kusawazishwa uso. Iliporudi, fundi aliziba matundu yake, akaizamisha kwenye pipa la maji na kuipuliza upepo kwa ndani. Tulitazama. Hapakutoka povu hata moja.

Siku ya kuifunga nilikuwapo. Baba alikuwa benchini akiwasimulia watu jinsi Wasambaa wanavyoogopa bahari. Fundi akapanga bolti, akachukua spana ya kupimia mkazo, ile yenye namba ndogo ndogo shingoni, akaizungusha, akaisogeza kwenye mwanga, akaizungusha tena. Kisha akanionyesha kwa kichwa nisogee.

"Nisomee namba, mwalimu," alisema karibu na sikio langu. "Polepole. Mtani asisikie."

Nikamtazama. Aliyakwepa macho yangu. Nikainama, nikamsomea bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sauti ya chini.

"Mnanong'ona nini huko?" baba akauliza kutoka nje.

"Ananitania tu, baba," nikajibu, nikasoma ya nne.