Ukuta wa Makosa ya Shangazi

Harufu ya rangi ya mafuta ikichanganyika na ya dagaa wanaoanikwa ufukweni Mwaloni ndiyo harufu ya utoto wangu, na sitaki mtu aniambie kwamba inanuka. Shangazi yangu Kabula alikuwa mwandishi wa majina ya mitumbwi pale Kirumba, mwanamke pekee niliyemjua katika kazi hiyo, na karakana yake ilikuwa na ukuta mmoja ambao hakuruhusu upakwe chokaa. Likizo moja, nikiwa darasa la nne na kichwa kimevimba kwa kusifiwa mwandiko, alinipa brashi niandike mtumbwi wa mzee mmoja wa Sengerema. Nilimpa shikamoo yake, nikamuuliza jina la mtumbwi. Akajibu, "Sala." Nikaandika SALA, herufi zimenyooka, nikasimama kando nikingoja sifa.

Mzee aliuzunguka mtumbwi, akatazama, akasema taratibu, "Mke wangu mzima kabisa. Mbona mnamfanyia sala?" Kumbe mkewe aliitwa Sara, na ulimi wake wa Kisukuma haukuwa na habari na r. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shangazi aliigeuza ile L ikawa R, kisha akanishika mkono hadi kwenye ukuta wake, uliojaa maneno yaliyokosewa. Aliniamuru niandike kosa lilelile, na chini yake jina sahihi.

"Usione haya," akasema. "Mtumbwi utaondoka. Hili litabaki hapa, likufundishe kuuliza mara mbili."

Shangazi alifariki mwaka jana. Kaka yangu, aliyerithi nyumba, alikubali karakana iwe darasa langu la kuwafundisha uchoraji watoto wa mtaa, nami nilimshukuru sana, mpaka nilipomkuta mbele ya ukuta ule na ndoo ya chokaa. Hakutaka wageni waone aibu za ukoo. Nilikasirika, tukajibizana, hadi nilipomwonyesha kule juu, karibu na dari, maandishi ya zamani kuliko yote, ya mkono wa shangazi mwenyewe: KALIBU, na chini yake KARIBU. Kaka akabeba ndoo yake akaenda kupaka choo.

Watoto wa leo wana simu zinazowasahihisha kabla hawajajua wamekosea. Sisi tulisahihishwa na watu, tena polepole. Nilidhani ukuta ule hautawaambia kitu. Jumamosi iliyopita binti mmoja alichora sato, mkia ukapinda vibaya. Hakuomba kifutio.

"Shangazi," akaniuliza, "kosa langu nilichore wapi?"

Nilimpa nafasi chini ya SALA yangu.