Meno ya Minna Kessler

Nilikuwa mume wa Minna Kessler kwenye filamu tu, na namshukuru Mungu iliishia hapo. Miaka ile ya filamu bubu, pale Los Angeles, kazi yake ilikuwa kuigiza mama mwenye nyumba mkali, na yangu kupigwa kikaango cha mpira. Minna alikuwa kibogoyo. Akikasirika, kidevu kilipanda kikakaribia kugusa pua, na watu wakavunjika mbavu. Wenye sura nzuri walikuja wakapita, yeye akabaki na kazi yake.

Kisha zikaja filamu za sauti. Bila meno, maneno ya Minna yalikuwa upepo mtupu. Bosi wetu, Harlan Dace, akamwambia atafute meno au aende zake. Kwenda zake ni Ohio, kwa dada yake aliyeona sinema ni dhambi, akafuge kuku na kusimangwa mpaka kufa. Basi Minna akatengenezewa meno.

Siku ya majaribio nilipomwona, nilikata tamaa. Meno yalimfanya mzuri, utadhani mke wa mchungaji. Akasimama mbele ya kinasa sauti, akanifokea kwa matamshi safi kabisa: "Toka nyumbani kwangu." Hakuna aliyecheka.

"Asante sana, Bi Kessler," alisema Dace. Kwetu sisi, bosi akikupa heshima namna hiyo, ujue kazi huna.

Nilipandwa na hasira, nikamchokoza. "Hata kufoka umesahau, bibi wewe? Siku hizi unafoka kama unaombea chakula."

Minna akanitazama. Akayatoa meno yote, ya juu na ya chini, akanibandikia mkononi pamoja na mate yake. "Nishikie," akasema, kila neno na mluzi wake. "Nisije nikayavunjia kichwani kwako." Kidevu kikapanda.

Fundi wa sauti alivua vyombo vyake masikioni, akacheka mpaka akakaa chini. Dace alikuwa akifuta machozi.

"Minna, wewe mchawi," alisema alipopata pumzi. "Kesho fanya hivyo hivyo. Kila ukitaka kumpiga huyu, mpe meno kwanza."

Tulipotoka nje, Minna alikaa kwenye ngazi akalia kwa kwikwi. Nami nikalia, sioni haya kusema. Nafuu kama ile sijaipata tena.

"Sanduku nilishalifunga," akasema. "Lipo mlangoni."

"Basi kalifungue."

"Twende wote, ndugu yangu." Akaninyooshea mkono nimwinue.