Mwenye Wimbo wa Nasimiyu

Nakumbuka Jumamosi moja harusini Bungoma, sahani ya kuku magotini, aibu ikinikaba kuliko mfupa. Mwanangu, jana uliniambia video yako imeondolewa mtandaoni kwa sababu ya wimbo wa mtu, ukataka nikuhurumie. Nimekuhurumia. Lakini nisikilize, maana kwa ujanja huo nilikutangulia.

Ujanani nilikuwa na kibanda cha kunakili kanda pale Kitale, nami, Mungu anisamehe, nilijiona mwerevu kuliko mji mzima. Siku moja nilipanda mlimani Cheptais kwa Mzee Masika, mpigaji wa litungu, kinanda chetu cha nyuzi. Alikuwa amefiwa na mkewe, Nasimiyu, akamtungia wimbo. Niliomba kuurekodi. "Chukua ukasikilize," akasema. Mzee wa watu, akanipa na chai.

Sikusikiliza tu. Niliunakili, nikauuza hadi Suam, na kwenye jalada nikaandika kwamba mtunzi ni mimi. Nilijiambia wimbo si ng'ombe. Nikiuchukua, mwenyewe bado anao.

Siku za mwizi ni arobaini, na zangu ziliishia kwenye harusi ile. Mzee alialikwa kupiga litungu. Alipoanza wimbo wa mkewe, msema chochote, yule mwongoza sherehe, akamkatiza: "Wacha hiyo, mzee. Si hiyo ni ya yule kijana wa Kitale? Piga yako bana!" Watu wakacheka.

Mzee akazishika nyuzi zikanyamaza. "Nasimiyu ni bibi yangu," akasema polepole. "Nilimzika mimi."

Wakadhani ni mzaha, wakazidi kucheka. Nami nilikuwa hapo hapo, mwanangu, nikatafuna kuku wangu kimya.

Wiki iliyofuata nilimwendea kuomba radhi. Hakunifokea. "Kijana, hiyo kanda nimekusamehe," alisema. "Lakini ulininyamazia mbele ya watu. Sasa nikiimbia bibi yangu naitwa mwizi. Enda uambie hao watu, si mimi."

Nilikwenda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwenye harusi nyingine, huko Kibomet, mzee akiwa amealikwa tena na wanunuzi wa kanda zangu wamejaa, nilichukua kipaza sauti nikasema mbele ya wote kwamba wimbo ule niliuiba, na mwenyewe ni huyu hapa. Wengine walinizomea, na walikuwa na haki. Mzee akauimba mpaka mwisho huku analia, nami nikalia. Nilimpenda sana mzee yule.

Kwa hiyo usiukasirikie mtandao. Sheria ya hakimiliki ipo, na ni njema, ila mara nyingi hufika mtu ameshaumia. Tena nasikia siku hizi kuna programu za kuiga sauti ya mtu hata akiwa kaburini. Kesho mtawaimbisha marehemu, nao hawataweza kukataa. Basi wewe mtafute mwenye wimbo kwanza, umwombe. Akikuruhusu kusikiliza, hajakuruhusu kuuza. Akikataa, uache. Akikubali, andika jina lake mahali panaposomeka. Na ukikosea, maana utakosea tu, nakujua, kiri mbele ya wale wale uliowadanganya.

Mungu akujalie wimbo wako mwenyewe, mwanangu, na siku utakapouimba kwa uchungu wako, asitokee mtu wa kukuambia uimbe wako.