Jazi ya Jumapili Kule Ihumwa

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Dodoma mtanielewa, betri za redio zilianikwa juani kama mboga ya mlenda, zipate nguvu tena. Kwetu Ihumwa baba alizipanga juu ya paa asubuhi na kuzigeuza mwenyewe, maana Jumapili alasiri kulikuwa na kipindi cha muziki wa jazi. Kikianza, hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kukohoa.

Baba alipiga tarumbeta katika bendi ya mtaani. Babu, mzazi wake, alikuwa fundi wa zeze na alitaka mwanawe arithi chombo hicho. Baba alikataa. Tangu hapo babu hakuwahi kumsifia hata mara moja, na kila aliposikia tarumbeta alisema, "Mwanangu kapotelea kwenye mabati ya Wazungu." Baba alicheka mbele yetu, lakini neno hilo lilimuuma. Tulimwona.

Jumapili moja babu alikuja kutoka Bahi, akaitikia shikamoo zetu, akaketi na karanga zake. Mtangazaji alikuwa akieleza kwamba jazi ilizaliwa Marekani, mikononi mwa wajukuu wa watumwa: ngoma na kuitikiana vilitoka Afrika, matarumbeta yakatoka Ulaya, na madaha mengine yakatoka visiwa vya jirani na Marekani. Muziki ukaanza. Tarumbeta likauliza, wenzake wakajibu. Babu akaacha kutafuna.

"Hawa walinyang'anywa mpaka zeze," akasema polepole. "Wakaimba kwa walichokikuta."

Mara redio ikakoroma, ikazimika. Betri zimekwisha, wimbo uko nusu. Sisi watoto tukainamisha vichwa, tukijua baba atafoka. Babu akamgeukia.

"Malizia," akamwambia.

Baba aliingia ndani, akatoka na tarumbeta lake. Akaanzia pale redio ilipokatikia. Sijui kama kule Marekani wimbo ule uliisha vile. Wa uani kwetu ulichanganyika na vumbi na mbuzi wa jirani, na babu aliusikiliza akiwa amefumba macho hadi mwisho. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Leo naishi Area D, hapa Dodoma mjini. Kijana wangu ana jazi ya dunia nzima kwenye simu. Husikiliza robo ya wimbo, akarukia mwingine. Simlaumu, na kila siku humwambia kwamba namwonea fahari, naye hujibu "sawa, mama" bila kuinua kichwa. Babu alikufa bila kumwambia baba maneno kama hayo. Alimpa neno moja tu, na baba, aliyebakiwa na meno matatu, hutusimulia neno hilo kila tukimtembelea, kana kwamba ameambiwa leo asubuhi.