Ukuta wa Stoo Uliokuwa na Homa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda kimoja cha Changamwe, fundi mkuu hakunipa koleo wala bisibisi. Alinipeleka nje, kwenye paipu moja ya chuma iliyopitisha kebo ya umeme ukutani, akaniambia niishike. Ilikuwa na uvuguvugu tu. Kisha akanipeleka kwenye paipu sita zilizobanana. Niliutoa mkono upesi.

"Kebo ni zile zile," akasema. "Kitabu kinakupa ampea ambazo kebo itabeba ikiwa peke yake hewani. Ukizipanga pamoja, kila moja inamuunguza jirani yake. Kwa hivyo unaupunguza mzigo, au unaweka kebo nene zaidi, au unaacha nafasi ya upana wa paipu, upepo upite. Usipofanya hivyo, plastiki inayofunika waya italainika humo ndani, na hakuna atakayeiona."

Nilimsikiliza miaka mingi. Alipostaafu nikapewa cheo chake, na cheo, vijana, kina ulevi wake. Mashine mpya za chumba cha baridi zilipoletwa, nilipitisha paipu tisa za kebo zake kwenye ukuta wa nje wa stoo, zimegusana, zimenyooka kama mistari ya daftari. Meneja akapita, akasema, "Hii ndiyo kazi safi, fundi." Nikavimba kichwa. Hesabu ya kupunguza mzigo sikuifanya.

Chini ya paipu hizo palikuwa na benchi la Athmani, mtunza stoo, mtu wa Likoni, rika langu na sahibu yangu. Mgongo ulikuwa ukimsumbua, naye akaupenda ukuta ule kwa joto lake. Baada ya miezi michache aliacha kuuegemea.

"Ndoo hapa ushike," aliniita nimkaribie asubuhi moja. "Ukuta una homa."

Nilishika. Jua lilikuwa halijaufikia upande ule, na ukuta ulikuwa moto kama paji la mtoto mgonjwa. Ulikuwa ukinguruma kwa chini sana. Ukiondoa kiganja, husikii kitu. Mijusi waliokuwa wakiwinda nzi pale walikuwa wamehama wote. Palikuwa na harufu tamutamu, ya kitu kinachoiva pasipo jiko. Nywele zilinisimama.

"Walinzi wasema ni jini," Athmani akasema. "Wewe waonaje?"

Nilijua ni nini. Nilijua pia kwamba nikisema, mashine zitasimamishwa, paipu zing'olewe, na jina langu litajwe ofisini. Nikajibu, "Labda, bwana. Mambo ya Mungu mengi." Nikajiambia nitazipanga upya kimyakimya mwisho wa mwezi.

Athmani hakungoja mwisho wa mwezi. Siku ya Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, alileta chetezo cha ubani na mrashi uliojaa marashi, amtulize huyo jini kama wazee wake walivyofanya. Nilipokata kona nilimwona akiunyunyizia ukuta. Plastiki ilikuwa imeshaungua, waya ukigusa chuma cha paipu, na skrubu ya ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, ilikuwa imeliwa na kutu ya hewa ya chumvi. Mkono wake ukanasa kwenye paipu. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, mdomo wazi, na ubani ukiendelea kufuka miguuni pake.

Niliukimbilia ubao wa swichi mlangoni mwa stoo, nikaizima ile ya chumba cha baridi. Aliishi, lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunyooka tena.

Kiwandani nilisifiwa kwa kumwokoa, nami sikukanusha. Nilizitenganisha paipu, ukuta ukapoa, watu wakasema jini ameridhika. Niliona aibu kila siku niliyoingia kazini, hadi nilipostaafu mwaka jana. Hapo ndipo nilipokwenda Likoni.

"Athmani," nikamwambia, "hapakuwa na jini pale. Ni mimi."

Alimimina kahawa kwa mkono wa kushoto, bila haraka.

"Ubao ule ulikuwa na swichi zaidi ya ishirini," akasema. "Wewe hukutafuta. Ulikwenda moja kwa moja kwa ile yenyewe, nami nakutazama, wallahi." Akanisogezea kikombe. "Tangu siku ile nakungoja."